Mkate na Pombe kwa Namsifu

Kama ungetaka habari isambae kutoka mtaa wa Xiaobei mpaka soko la Zhanxi, ulikuwa na kazi moja tu: kumwambia Agripina, kisha kumwongezea kwamba ni siri. Kabla sufuria yake ya ndizi haijaiva, kila mzungumzaji wa Kiswahili katika Guangzhou, awe wa Bukoba au wa Lubumbashi, alikuwa ameshapata kipande chake. Mwenyewe hakuona haya. Alisema mdomo kaumbwa nao, hakuununua sokoni Shahe kwa bei ya jumla. Ndiyo maana inatia uchungu kwamba siri moja aliyoifungia kifuani ni ile ambayo angeitoa, angebarikiwa.

Kwao ni Muleba. China alifika kununua nguo za watoto, biashara ikamshinda kama ilivyowashinda wengi, lakini mji haukumshinda. Alijifunza Kichina cha sokoni, cha kumwita mwenye duka laoban, kumwambia tai gui le, bei kali, na kumgeuzia mgongo kama mtu anayeondoka kweli. Asubuhi alikwenda Zhanxi kuwafungia wafanyabiashara mizigo, akiyakanyaga marobota mpaka yakubali kamba. Mchana alirudi kwake, chumba na sebule nyuma ya barabara ya Huanshi Zhonglu, akapikia watu. Ndizi mbichi alizipata kwa mama mmoja wa Kichina ambaye mwanzoni alimcheka kwa kutaka matunda yasiyoiva, baadaye akawa anamfichia chini ya meza.

Mume alikwishamzika zamani, watoto hakujaliwa. Aliyebaki naye duniani ni mama yake, bibi Kokubanza, aliyetunzwa kule Muleba na Dorothea, wifi wa Agripina. Kila Jumapili alipiga simu. Bibi alikuwa kiziwi wa sikio moja, basi mazungumzo yao yalisikika mpaka kwa jirani, naye jirani, Mchina mstaarabu, alivumilia.

Lazima lisemwe na hili, maana bila hili mtu atamwona Agripina kuwa mwanamke katili, na hakuwa hivyo. Baba yake alipofariki, habari ilimkuta ngazini katika soko la Shahe, robota kichwani, simu sikioni. Ndugu aliyepiga hakumwambia akae. Hakumuuliza kama yuko na mtu. Alitamka tu. Agripina aliporomoka na robota lake, akapiga ukelele, na wauza nguo wakadhani ameibiwa, wakaanza kumtafuta mwizi. Alilia katikati ya watu waliokuwa wakimtafutia mwizi. Tangu siku ile aliapa kwamba habari ya msiba haitangazwi hivyo. Mtu hukalishwa, akapewa chakula, akazungukwa na watu wake, ndipo akaambiwa. Ndivyo walivyofanya wazee, na wazee hawakuwa wajinga.

Kati ya waliokula mezani kwake alikuwepo Elinami, mwalimu wa historia kutoka Mbaga, katika milima ya Upare, aliyekuja kwa ufadhili kusomea udaktari wa falsafa. Alikuwa mzaliwa wa kwanza wa mama mjane, mtu mrefu, mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alisoma habari za Wamisri wa kale, tena si wafalme wao na dhahabu yao. Yeye aliwataka waoka mikate, wafua nguo, wakulima waliongoja mto ufurike ndipo walime.

"Wenzako wamekuja China kununua simu," Agripina alimtania siku ya kwanza, "wewe umekuja kutafuta Wamisri! Umepotea ndege, mwalimu?"

"Profesa wangu yuko hapa, dada. Na Wamisri wenyewe wameshakufa, hawana haraka."

Agripina alicheka mpaka akashika meza. Akamwongezea maharage, na toka siku hiyo Elinami akawa na kiti chake.

Hadithi zake zilimwingia Agripina kuliko mahubiri. Elinami alimweleza kwamba wale waliochimba makaburi ya wafalme walilipwa nafaka, wakaifanya mkate na pombe, na kwamba unga wao ulikuwa na mchanga wa mawe ya kusagia, ukawala meno mpaka kwenye ufizi. Agripina akayapapasa meno yake kwa ulimi. Alimweleza kwamba mtu wa kawaida akifa hakuvishwa kitani kipya. Alizungushiwa mashuka yake mwenyewe, yaliyotiwa viraka, mengine yakiwa na alama ya mwenyewe pembeni ili yasipotee kwa dobi.

"Kwa hiyo alizikwa na shuka alilolalia?"

"Ndiyo, dada."

"Hiyo nzuri," Agripina alisema. "Hata mimi ningetaka hivyo."

Hadithi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya maneno ya mlangoni pa makaburi. Wamisri waliamini kuwa marehemu huona njaa. Ndugu wakichoka kuleta chakula, je? Basi waliandika ukutani kuwasihi wapita njia: wewe unayepita, uliye hai, litaje jina langu, sema mkate na pombe kwa fulani. Hutapungukiwa kitu, ni pumzi tu ya kinywa. Agripina, ambaye pumzi ya kinywa ndiyo iliyokuwa mali yake, aliona kwamba watu hao walikuwa na akili sana.

Mama yake Elinami hakuna aliyelijua jina lake pale Xiaobei. Alikuwa Mama Elinami, basi. Walimjua kwa sababu mwanawe alimnunulia Shahe mashuka meupe, akayapapasa moja moja kama mtu anayechagua mchele, na Wilbard akayabeba alipokwenda nyumbani Krismasi. Wilbard alikuwa mfanyabiashara wa vipuri, jirani wa akina Elinami kule Mbaga. Aliporudi alisema mama kafurahi, ila kayafungia kabatini, kasema ni mazuri mno kulalia.

Jumapili moja asubuhi Wilbard aligonga mlango wa Agripina, hakukubali chai, akasema Mama Elinami amefariki usiku. Presha.

Agripina alikaa chini. Jambo la kwanza alilouliza ni: "Mwenyewe anajua?"

"Hajui. Na asijue. Baba yake mdogo, mzee Geofrey, kanipigia mwenyewe. Alhamisi Elinami anatetea tasnifu yake. Amesoma miaka yote hii, halafu leo umwambie? Atasimama mbele ya maprofesa aseme nini? Akimaliza Alhamisi tunamkalisha hapa kwako, tunamwambia, usiku anapanda ndege ya Addis. Jumamosi anamzika mama yake. Tiketi nishaongea na wakala. Funika kombe mwanaharamu apite, dada."

Denise alikuwepo, Mkongomani wa Lubumbashi aliyekuja kuchukua chakula chake. Aliweka bakuli chini.

"Lufu haifichake, mama Agripina," alisema, yaani kifo hakifichwi. "Mumwambie leo. Ni mama yake, anapashwa kumuzika."

"Atamzika, Denise," Wilbard alijibu. "Nani kasema hatamzika?"

Agripina alikumbuka ngazi za Shahe, akasema Wilbard ana haki. Wakakubaliana hivyo, na kwa kweli mpango haukuwa mbaya. Mtu yeyote mwenye huruma angeupanga vile vile.

Siku tatu Agripina alimpakulia Elinami chakula bila kumtazama usoni. Alipika kuliko kawaida. Wateja walimuuliza kama anaumwa, maana hana habari yoyote ya kuwapa. Jumatano jioni Elinami aliingia, akatundika mwavuli, akakaa kwenye kiti chake, akasema mtihani umeahirishwa. Mmoja wa watahini amelazwa. Ni mpaka Jumanne ijayo.

Mwiko ulimponyoka Agripina.

"Usinihurumie, dada, heri tu nipate nafasi ya kujiandaa," Elinami alimwambia huku akiuokota. "Kuna swali najua wataniuliza. Ni la kufungua kinywa."

"Kinywa cha nani?"

"Cha marehemu. Maiti ikishafungwa kitani, kabla haijaingia kaburini, husimamishwa mlangoni. Mwanawe mkubwa, au kuhani kwa niaba yake, huugusa mdomo kwa chombo mfano wa tezo. Akishaugusa, marehemu anaweza kula tena, anaweza kusema. Kazi ya mtoto, hiyo. Asipoifanya, mzazi wake anaondoka na kinywa kimefungwa." Akakoroga chai. "Unajua kila nikipiga nyumbani siku hizi, mama amelala? Asubuhi amelala. Jioni amelala. Baba mdogo ndiye anapokea."

Mlango ulikuwa wazi pale. Ulikuwa wazi kabisa, na Agripina aliuona. Angeweza kumshika mkono na kusema, mwanangu, kaa vizuri. Ndege ilikuwepo usiku ule, na ya kesho yake ilikuwepo. Lakini walikuwa wawili tu, hapakuwa na mtu wa kwao mwingine wa kumshika huyu kijana akianguka. Tena mtihani bado, na mwenye kauli ni baba mdogo, na yeye Agripina ni nani katika ukoo wa watu? Yote hayo yalimpitia wakati maji yanachemka.

"Wazee hulala sana," alisema. "Kula, chakula kinapoa."

Elinami alipoondoka, Agripina alimpigia Wilbard, akamwomba kwa machozi awaambie kule nyumbani wasogeze maziko. Wilbard alipiga. Mzee Geofrey alijibu kwamba watu wameshakusanyika, mchungaji amepangiwa, maiti si kitu cha kuweka. Tena marehemu mwenyewe, alipoanza kuumwa, alisema mwacheni asome. Agripina hakujua kama kweli alisema. Alifikiria tu kwamba wale Wamisri waliwaweka wafu wao siku sabini kabla ya kuwazika, na hakuna aliyewaona wajinga.

Jumamosi mchana kule Mbaga ni jioni Guangzhou. Elinami alikuja kula mapema, na alikuwa na furaha siku hiyo, amepata picha ya kiatu cha mtoto wa Misri kilichoshonwa kwa makuti, akawaonyesha watu simu yake mezani. Wilbard hakuja, alishindwa. Agripina alisimama jikoni na simu yake juu ya gunia la mchele, sauti ameizima, akitazama picha zinazorushwa kutoka kaburini. Mvua ilikuwa imenyesha. Aliona jeneza likifunuliwa mara ya mwisho, na ndani yake weupe wa mashuka aliyoyajua, maana ni yeye aliyeyafunga kwenye mzigo wa Wilbard, mikunjo ya kiwandani ingali inaonekana. Aliona mchungaji akiita watoto waje watie udongo. Akatoka binti mmoja, akatoka mwingine. Kisha mzee Geofrey akatia udongo wake, akainama tena, akachota wa pili, akautia, na midomo yake ikatamka jina ambalo Agripina alilisoma bila kulisikia. Elinami.

"Dada!" Elinami aliita kutoka sebuleni. "Ndizi zimebaki?"

"Zipo," alijibu. Akafuta uso kwa kanga, akampelekea.

Jumanne Elinami alifaulu. Saa saba mchana alipanda ngazi akiwa na suti na shada la maua alilopewa na wanafunzi wenzake, akasema anataka kuwaambia wao kwanza, kisha ampigie mama, leo hata kama amelala ataamshwa. Sebule ilikuwa imejaa. Wilbard alikuwepo, na wanafunzi kutoka Kilimanjaro, na Denise kwenye kona, amefunga kitambaa cheusi. Walimpongeza, lakini kwa sauti ya chini, kama watu walio kanisani.

"Hongera, mwanangu," Agripina alisema. "Kaa. Kula kwanza."

Elinami alikaa. Alichota kijiko kimoja, akakipeleka mdomoni, akatafuna polepole. Akawatazama mmoja mmoja. Mtu aliyetumia miaka yake kusoma jinsi watu wanavyozika hahitaji kuambiwa mara mbili. Alikiweka kijiko kando ya sahani, taratibu, kisilie.

"Ni mama," alisema.

Wilbard alianza maneno yake aliyoyaandaa, ya Bwana ametoa na Bwana ametwaa, lakini Elinami aliinua mkono.

"Lini?"

"Jumapili, siku tisa zilizopita."

"Hajazikwa." Hakulisema kama swali. Akamgeukia Agripina, maana Agripina ndiye mwenye habari siku zote. "Dada, hajazikwa?"

"Jumamosi," Agripina alisema.

"Jumamosi nilikuwa wapi?"

Aliuliza kweli, kama mtu aliyesahau. Agripina alitamani sakafu ile ya ghorofa ifunguke.

"Ulikuwa hapa. Ulikuwa unakula ndizi."

Elinami hakupiga kelele. Heri angepiga. Walikuwa wamejipanga kumshika, wanaume wawili karibu na kiti chake, na hakukuwa na mtu wa kushika. Alivua miwani, akaiweka juu ya maua. Watu wakatazama miguu yao.

"Alifungwa na nini?" aliuliza hatimaye.

"Mashuka yako."

"Yale meupe? Aliyalalia hata siku moja?"

Agripina alitikisa kichwa. Hapo ndipo Elinami alipoangua kilio, na kilio chenyewe hakikuwa cha daktari wa falsafa, kilikuwa cha mtoto wa Mbaga. Agripina alimwendea apige magoti mbele yake, amwombe radhi. Elinami hakumsukuma, wala hakumshika.

"Nilikuuliza," alimwambia. "Nilikaa hapa hapa, nikakuuliza."

"Uliniuliza."

"Mimi ndiye niliyetakiwa kumfungua kinywa."

Maji yakimwagika hayazoleki, na Agripina hakujaribu kuyazoa. Hakumtajia mtihani, wala baba mdogo, wala ngazi za Shahe. Baadaye sana, kilio kilipopungua, Elinami alijifuta, akavaa miwani, akasema ana ombi. Mama yake aliitwa Namsifu. Maisha yake yote watu walimwita Mama Elinami, na Elinami mwenyewe hakuwepo. Basi wamtaje. Hawatapungukiwa kitu.

Wakamtaja, kila mtu mahali alipokaa. Wilbard alisema kwa aibu, mkate na pombe kwa Namsifu, akakumbuka kwamba marehemu alikuwa mtu wa kanisa, akabadili kuwa mkate na chai. Denise alisema kwa Kiswahili chake cha Lubumbashi. Agripina, fundi wa maneno, alifungua mdomo mara mbili bila sauti kutoka, na mara ya tatu jina likatoka.

Elinami alipanda ndege kesho yake. Hakurudi, cheti chake kilifuata kwa posta. Kiti chake kilibaki mezani, na mtu akitaka kukikalia Agripina alimsogezea kingine bila maelezo. Watu walisema amebadilika. Ukimpa habari alikuwa anakusikiliza mpaka mwisho, halafu anaendelea kumenya ndizi. Ila jambo moja alilishika. Kila anapopakua chakula cha kwanza, alikuwa akitaja jina la Namsifu kwa sauti ndogo, na wageni wasiojua walidhani anasali.

Jumapili moja ya mwezi Novemba, mchana, alipiga Muleba kama kawaida. Kule ilikuwa asubuhi. Wifi yake alipokea.

"Hatujambo, wifi," Dorothea alisema. "Mvua zinanyesha. Senene wameanza."

"Nipe mama."

"Mama hajambo. Amelala."

Agripina alikuwa na kisu mkononi. Alikiweka mezani.

"Saa nne asubuhi amelala?"

"Kachoka tu, mzee wa watu."

"Mwamshe."

"Wifi, jamani..."

"Dorothea, mwamshe. Nimesema mwamshe nimsikie."

Agripina aliibana simu sikioni. Kule, katika nyumba ile inayokaliwa na wanawake wawili tu, Agripina alisikia viti vikiburutwa na wanaume wengi wakizungumza kwa sauti ya chini. Dorothea alivuta pumzi.

"Wifi," alisema kwa upole, "uko na nani hapo? Umeshakula?"